Barua ya wazi: Anayetembelewa ni marehemu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi. Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara. Mstahiki Meya, Waheshimiwa Madiwani na Mkurugenzi wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani.

Yah: Mitaa inayofungwa geti, na njia zinazobaki ndani yake

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimefundisha shule za msingi miaka 34, kwa hiyo utaratibu wa barua ya kiofisi ninaujua: salamu fupi, jambo lenyewe, ombi, sahihi. Leo naomba ruhusa niuvunje kidogo, nianze na kisa.

Idd el-Fitr iliyopita, tulipomaliza swala na kunywa chai, tulitoka watu saba kwenda kuzuru kaburi la bibi yangu mzaa mama. Watoto wamevaa nguo zao mpya, shangazi kabeba kidumu cha maji ya kumwagia kaburi, mimi nina ubani kwenye mkoba. Makaburi ya ukoo wetu yako chini ya mwembe, hatua chache kabla ya mteremko wa kushukia baharini. Tangu nina akili zangu tunafika pale kwa ujia mmoja unaopita kati ya mikorosho. Mikorosho haipo tena, hilo tulishalizoea. Mwaka huu na ujia wenyewe ukaishia kwenye geti.

Geti zuri, sina ubishi. Jeusi, na maua ya chuma yaliyopakwa rangi ya dhahabu. Kijana wa zamu akatoka kibandani.

"Shikamoo mama. Mnamtembelea nani?"

"Marahaba mwanangu. Tunakwenda kwa bibi yetu."

"Yuko nyumba namba ngapi?"

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini na kidumu chake. Mimi nilishindwa kucheka, na nilishindwa kukasirika pia, maana yule kijana aliuliza alichofundishwa kuuliza. Nilipomweleza, alinyamaza, akampigia simu msimamizi. Simu haikupokelewa, nani anapokea simu asubuhi ya Idd? Mwishowe akaamua mwenyewe kutufungulia, lakini kwa sharti kwamba tuandikwe, asije akapoteza kazi. Daftari lina safu zake: jina, namba ya simu, anayetembelewa, nyumba namba, muda wa kuingia, muda wa kutoka. Kwenye safu ya anayetembelewa akaandika, kwa mwandiko safi wa kuunganisha (mwalimu haachi kutazama mwandiko), "Marehemu". Kwenye nyumba namba akapiga kistari. Akatuomba tusizidishe dakika ishirini.

Tulisoma Yasini haraka haraka kama watu wanaoiba.

Sitautaja mtaa, wala kampuni iliyojenga. Nikitaja, mtaagiza geti moja lifunguliwe, picha ipigwe, na mambo yaishie hapo. Yapo mengine yanajengwa, na mengine yamo kwenye michoro tu. Barua hii inazungumzia hayo ya kwenye michoro zaidi kuliko hili lililokwisha kupakwa dhahabu.

Wala msinihesabu miongoni mwa wanaosema ukuta ni dhambi. Tulipokuwa wasichana tuliwacheka "watoto wa geti kali", wale wasiojua kuruka kamba mtaani, na leo nyumba yangu mwenyewe ina ukuta wenye vipande vya chupa juu yake. Ua ni jambo letu la kale. Mwanamke wa pwani anapika uani, anasuka uani, anaanika dagaa wake uani, na hakuna mpita njia mwenye haki ya kuchungulia. Ila nendeni pale Mikindani mkatazame nyumba za zamani zilivyojengwa: nyuma kuna ua uliofichika, mbele kuna baraza. Baraza ni ya mwenye nyumba, kaijenga kwa chokaa yake, lakini mzee aliyechoka akipita atakaa, atapumzika, ataulizwa habari za huko atokako, na hakuna atakayemtaka kitambulisho. Watu wale walijua sana kujifungia, na walijua pia mahali pa kuishia.

Kwa hiyo swali linalosikika siku hizi, kama sheria iruhusu mitaa ya kuishi ndani ya geti au iikataze, mimi nalijibu hivi: geti la kiwanja liruhusiwe, geti la njia lisiruhusiwe. Mtasema ni jibu jepesi. Nami nilidhani ni jepesi mpaka nilipokalishwa chini na mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi ni mpima ardhi, akanichorea kwenye karatasi ya kufungia maandazi namna mambo yanavyokwenda.

Alinieleza hivi. Mtu akitaka kuligawa shamba liwe viwanja arobaini, unachorwa mchoro wa mipango miji. Ndani ya mchoro mnaonekana viwanja, na kati ya viwanja mnaonekana barabara. Hati ya kila mmoja inaishia kwenye bikoni zake, yale mawe ya mpaka. Barabara haimo kwenye hati ya mtu. Ni ya wote, na anayeweka geti pale anaziba kitu kisicho chake. Mpaka hapo nilimwelewa.

Sasa mtu mwingine analichukua shamba lile lile na kuliombea hati moja, kama kiwanja kimoja kikubwa cha makazi. Akishaipata anazungusha ukuta, halafu ndani anajenga nyumba zile zile arobaini, na kati yake anaweka vijia vya matofali na taa na miti ya kivuli. Ukipita ndani unaona mtaa mzima. Kwenye ramani ya Serikali mtaa huo haupo. Ni ua wa mtu, sawa kabisa na huo wangu wa kuanikia dagaa. Geti lake halijafunga barabara, maana kwenye karatasi hapajawahi kuwa na barabara ya kufungwa.

"Mwalimu," akaniambia, "ukuta unajengwa mwishoni. Njia inapotea siku ya mchoro."

Sikulala vizuri usiku ule. Ujia wetu wa kwenda makaburini na baharini haukuwahi kuchorwa na mtu yeyote. Ujia wa uswahilini haupimwi. Unakanyagwa, na kadiri unavyokanyagwa ndivyo unavyokuwa njia. Mpima akija na mashine yake anatafuta mawe ya mpaka na kingo za barabara, na nyayo hazimo kwenye orodha yake. Kwa hiyo watu wamepita pale enzi za Wajerumani, enzi za Waingereza na enzi zote za Uhuru, na siku hati ilipotoka ikawa kama hakuna aliyewahi kupita.

Hapa niseme kosa letu kabla hamjalisema nyinyi. Shamba lile tuliliuza wenyewe. Mjomba aliliuza 2012, wakati mji mzima umeingiwa na homa ya gesi na kila mtu mwenye heka moja anaamka asubuhi akijiona tajiri. Bei aliyotajiwa hatukuwahi kuisikia ukoo mzima. Mjomba hakuwa mjinga. Alimwambia mnunuzi mbele ya mashahidi kwamba makaburi hayauzwi, na ujia wa kwendea makaburini na baharini unabaki. Mnunuzi akaitikia, na naamini alikuwa mkweli. Lakini maneno yale hayakuandikwa popote. Mnunuzi akamuuzia mwingine, huyo naye akamuuzia mwingine, na ahadi ya mdomo ikabaki kwa watu wawili, mmoja wao ni marehemu. Sheria ya kuhamisha makaburi ipo tangu 1969, na anayetaka kuhamisha kaburi ana taratibu za kufuata. Sisi hatukuhamishiwa kaburi. Tulihamishiwa njia, na kwa hilo hakuna aliyekuja kutuuliza.

Kabla sijaendelea niukumbushe mji wetu ulivyozaliwa, kwa sababu vijana wengi hawajui. Mtwara hii ya bandari ilichorwa kwenye karatasi baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati wa Mradi wa Karanga ulioanza 1947. Waingereza walitaka bandari ya kina kirefu na reli ya kuleta karanga kutoka Nachingwea. Wakagawa mji kwa kalamu: Shangani, kwenye upepo na ufukwe, wakakaa maofisa wa Kizungu, wengine tukapangiwa mbali na upepo. Karanga zikawashinda, mradi ukafutwa 1951, na baada ya Uhuru reli ikang'olewa, tukabaki na kata inayoitwa Reli isiyo na reli hata moja. Lakini tazameni kilichotokea Shangani. Uhuru ulipokuja, mpaka ule ulifutika bila nyundo, kwa kuwa ulikuwa mpaka wa amri na woga, na barabara zake zilikuwa barabara za mji. Leo mtoto wa Chikongola akitaka kwenda kuogelea anapita katikati ya Shangani anapiga mluzi. Tukiugawa mji upya kwa hati na tofali, wajukuu zetu hawataupata mpaka unaofutika kwa kubadilisha bendera.

Sasa niwape haki yao wanaoishi ndani ya mageti, maana wengine ni watu wangu. Jirani yangu wa miaka mingi, muuguzi, alivunjiwa nyumba mara mbili akiwa zamu ya usiku. Mara ya pili walichukua mpaka godoro la mtoto. Alikwenda kuripoti, akaandika maelezo, akarudi nyumbani kununua kufuli jipya, na ikawa basi. Alipopata mkopo akanunua nyumba ndani ya geti. Nilipokwenda kumtazama nilimuuliza kama anapapenda. Alinijibu neno moja: "Nalala."

Sina hoja ya kulipinga neno hilo. Mwanamke anayefanya kazi usiku ana haki ya kulala mchana bila kusikiliza dirisha. Mtu yeyote atakayewaandikia kwamba mageti yapigwe marufuku yote, amuulize kwanza huyu dada akalale wapi.

Ila kuna kitu kilitokea mtaani kwetu alipohama, na yeye mwenyewe hakukiona kwa sababu hakuwepo. Taa ya barabarani ya pale kona ikiungua, ni yeye aliyekuwa akienda kwa mtendaji. Taka zikirundikana, ni yeye aliyekuwa akipiga simu manispaa na kujitambulisha kwa cheo chake. Ana sauti, anajua ofisi, anajua barua inapelekwa dirisha lipi. Huko aliko analipa mchango kila mwezi, na mchango huo unaleta mlinzi, taa, gari la taka na mtu wa kufyeka majani. Hana sababu tena ya kwenda kwa mtendaji. Mmoja baada ya mwingine, walimu wakuu, wauguzi, maofisa wa benki, wenye sauti wote wanaingia ndani, na mtaa wa nje unabaki na sisi tunaosubiri mkutano. Taa ya pale kona imeungua tena. Vibaka, kwa tunavyoona sisi tulio nje, hawakuacha kazi. Wameacha tu kupoteza muda kwenye ukuta mrefu.

Na mwenyekiti wetu wa Serikali ya Mtaa, tuliyempigia kura Novemba 2024, na ambaye eneo lile ni sehemu ya mtaa wake kisheria, akienda kuitisha mkutano anaandikwa kwenye daftari kama fundi bomba. Kuna siku aliambiwa arudi jioni. Alitusimulia huku anacheka, lakini kicheko chake hakikuwa cha mtu aliyefurahi.

Nije kwenye maji. Huku kwetu mvua inaanza Desemba na kutusindikiza hadi Aprili. Maji ya mvua yana njia zake za kwenda baharini, za miaka nenda rudi, na wazee wanazijua kama wanavyojua nyumba za ndugu zao. Ukuta wa mita mia mbili ukikaa juu ya mkondo bila matundu ya kutosha, maji hayaombi kibali. Yanarudi nyuma, yanaingia vyumbani kwa watu. Msimu uliopita tulilala juu ya meza nyumba tatu.

Tena mnakumbuka tarehe 25 Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja. Shule na ofisi zilifungwa, na watu wa mabondeni na wa kando ya bahari wakaambiwa waondoke waende mahali salama. Mungu akakigeuza, kikawaangukia ndugu zetu wa Msumbiji, na maumivu yao tunayajua kwa sababu wengine ni wajomba zetu hasa. Siku ile niliona watu wanapanda kutoka ufukweni na vitanda kichwani, kila mmoja kwa ujia wa karibu yake. Nyinyi mnaopanga mipango ya maafa, chukueni ramani ya vijia vilivyokuwepo siku ile, mhesabu vingapi vimebaki wazi. Kimbunga kijacho hakitasubiri msimamizi apokee simu.

Na bahari yenyewe. Wanawake wa kwetu hawaendi baharini kuota jua. Maji yakikupwa, hasa siku za bamvua yanapotoka mbali zaidi, wanashuka na ndoo kutafuta pweza na kombe, wanatanda dagaa na uduvi kwa nyavu ndogo, na wanarudi kabla maji hayajajaa. Ni kazi ya saa chache, inayohesabiwa kwa mwezi wa angani. Kuuzunguka ukuta ule kwa miguu kunakula nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Mwanamke mwenye saa nne za maji anapoteza moja ukutani, kila siku, na hakuna fomu ya kudai fidia ya saa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na tunaishukuru. Lakini mita 60 zilizo wazi nyuma ya ukuta usiopitika zinatusaidia nini? Wanaozifikia bila kuzunguka ni walio ndani. Ufukwe wa umma umegeuka kuwa uwanja wao wa mbele, na sheria haijavunjwa hata kidogo.

Nimejaribu kusoma wenzetu walifanyaje, kwa simu hii ya kioo aliyoninunulia mwanangu. Afrika Kusini, kwenye jimbo la Gauteng ilipo Johannesburg, waliogopa ujambazi wakatunga sheria 1998 inayowaruhusu wakazi kuomba kuzuia barabara ya umma kwa ajili ya usalama, lakini kibali kina mwisho wake, miaka miwili, kisha mnaomba upya na kueleza tena kwa nini. Kwao ni vita ya kila siku kati ya majirani. Brazil walikwenda mbali zaidi kwa sheria ya 2017: sehemu iliyogawanywa viwanja inaweza kuwa na geti na mlinzi, ila mwenye geti amekatazwa kumzuia asiyekuwa mkazi, wa miguu au wa gari, maadamu amejitambulisha. China ndio walionishangaza. Februari 2016 Serikali yao ilitoa mwongozo kwamba makazi mapya ya kufungwa yasijengwe tena na ya zamani yafunguliwe taratibu, magari yapate pa kupita. Wenye nyumba wakapiga kelele: barabara za ndani tulizilipia kwenye bei ya nyumba, mnatunyang'anyaje? Nikawaelewa wenye nyumba, na hicho ndicho kilichonitia hofu. Ukishauza njia, kuirudisha ni dhuluma nyingine. Muuguzi wangu naye amelipia vile vijia vya matofali. Sitaki Serikali ije kumdhulumu yeye ili kunitendea haki mimi. Ndiyo maana nasema kazi ifanyike siku ya mchoro.

Sheria zetu zina mbegu tayari. Katiba, ibara ya 17, inampa raia haki ya kwenda kokote katika Jamhuri. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini kwa niaba yetu, na anayepewa hati anapewa haki ya kuitumia kwa muda, hata huo muda ukiwa miaka 99. Ipo Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na ipo ya 2008 inayohusu kumiliki sehemu ya jengo, kwa wale wa maghorofa wanaoshirikiana ngazi na paa. Kwenye ghorofa sina tatizo. Ngazi haijawahi kuwa njia yangu ya baharini. Kinachonisumbua ni heka kumi zinazopewa hati kana kwamba ni ghorofa lililolala chini.

Ninachoomba kiandikwe, kwa lugha ya mwalimu na si ya mwanasheria, ni kwamba ardhi ikishatakiwa kujengwa nyumba za kaya nyingi (nyinyi mtasema ngapi, mimi ningesema ishirini), isipewe hati moja ya kumeza kila kitu. Barabara zake kuu na njia za miguu zichorwe kama ardhi ya umma, kama inavyofanywa kwa viwanja vya kawaida. Akitaka geti, aliweke kwenye kila kiwanja au kwenye kundi dogo la nyumba, na njia ipite kati.

Na kabla mchoro haujasainiwa, watu watembee. Hili naliona kubwa kuliko yote. Mpima, ofisa mipango miji, mwenyekiti wa mtaa na wazee wawili watatu, wake kwa waume, waende kwa miguu asubuhi moja, wazee waonyeshe: hapa tunapita kwenda kisimani, hapa kuna makaburi ya fulani, hapa maji yanapita, hapa mabinti wali hupitishwa wakitoka unyagoni kwenda kuamkia nyumba za ndugu. Kila walichoonyeshwa kitiwe kwenye mchoro. Kisha mchoro ubandikwe ofisi ya mtaa siku 30, kwa Kiswahili, kwa maandishi yanayosomeka bila miwani ya kukuza. Gharama yake ni viatu na soda za wazee.

Kwa yaliyokwisha kujengwa sidai nyundo. Nadai mlango mdogo pembeni ya geti kubwa, wa watu wa miguu, wazi kuanzia alfajiri mpaka isha, na mpita njia asiandikwe. Mlinzi atazame, hiyo ni kazi yake na analipwa kidogo mno kwa kazi hiyo. Mwenyekiti wa mtaa, gari la wagonjwa na gari la zimamoto wasiulizwe namba ya nyumba. Na pale ambapo wakazi wa barabara halisi ya umma wanataka kizuizi usiku kwa sababu ya wizi, waje kwenye mkutano mkuu wa mtaa, watuambie sisi tunaopita, tukubaliane saa, na kibali kiwe na mwisho kama kule Gauteng. Tutakubali mara nyingi kuliko mnavyofikiri. Hata sisi tunaibiwa.

Mtaniuliza haraka ya nini. Tazameni Lindi, Likong'o, ambako mtambo wa kusindika gesi asilia unasubiriwa na watu walishahamishwa kupisha eneo. Siku kazi ikianza, wataalamu watakuja kwa maelfu, watataka pa kuishi, na watu wenye pesa watanunua mashamba kuanzia huko mpaka huku kwetu. Tuliiona homa ya 2012 na tuliona ilivyopoa bomba lilipokamilika 2015 na gesi ikashika njia ya Dar es Salaam: nyumba zilibaki tupu, wapangaji waliondoka, kuta zikabaki. Homa ya pili itakuwa kali zaidi. Sheria ikiandikwa baada yake, itakuwa inaandikia kuta zilizokwisha kukauka.

Nawakaribisha mje muone wenyewe. Mjomba hayupo, lakini shangazi yupo na anazijua njia zote, hata zile zilizo ndani sasa. Chagueni siku ya bamvua, asubuhi, maji yakiwa yametoka. Ila naomba msije na msafara wa magari yenye bendera, maana kwa msafara geti litafunguka lenyewe na mtarudi hamjaona kitu. Njooni kwa miguu kama sisi, mpange foleni pale kibandani, na mkifikiwa kwenye ile safu ya anayetembelewa, muone mtaandika nini.

Wasalaam,

Mwalimu mstaafu, mkazi wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani